Cub Cadet ya zamani: kuziba giaboksi inayovuja na kutengeneza klachi iliyochoka

Jioni, baada ya kazi, osha sehemu ya chini ya trekta kwa dizeli na brashi, ikauke, kisha tandaza kadibodi safi kuanzia chini ya injini hadi nyuma ya ekseli. Weka alama ya mahali magurudumu yalipo. Asubuhi angalia matone yameanguka wapi na yana rangi gani, kabla hujashika spana hata moja. Watu wengi hununua sili tatu (ringi za mpira zinazozuia oili kutoka pembeni mwa shafti), wakafungua nusu ya trekta, kumbe oili ilikuwa ya injini ikitiririka kwa chini ya fremu hadi nyuma.

Maelezo haya ni ya trekta ndogo za bustani za Cub Cadet zilizotengenezwa na International Harvester (IH) huko Marekani. Ya kwanza ilitoka mwaka 1961, na giaboksi yake ilizaliwa na ile ya trekta ya shamba ya Farmall Cub. Ndiyo maana ganda lake ni chuma kizito cha kusubu, na ndiyo maana nyingi bado zinakata nyasi hadi leo. Kuanzia modeli 70 na 100 za mwaka 1963, injini ya Kohler huzungusha giaboksi moja kwa moja kwa shafti ndefu inayopita katikati ya fremu, na klachi imekaa juu ya shafti hiyo. Mpangilio huo ulibaki kwenye modeli za gia zilizofuata, kama 71, 102, 122, 104, 124, 106, 126, 108 na 128. Mwaka 1981 IH iliuza biashara hii, lakini vipuri vinapatikana mpaka sasa, vingi vikiwa vimetengenezwa upya na wauzaji wadogo.

Angalia kwanza trekta yako ni ya aina gani. Kuanzia modeli 123 ya mwaka 1965, IH ilitengeneza pia zenye haidrostati (mwendo hubadilishwa kwa oili yenye shinikizo), ambazo hazina klachi ya sahani. Kama trekta yako haina mkono wa gia tatu za mbele na moja ya nyuma, sehemu ya klachi hapa chini haikuhusu.

Ukiwa Marekani au Kanada, na una ua wa ekari moja au mbili, trekta hizi utazikuta minadani kwa bei nafuu, mara nyingi kwa sababu ya magonjwa haya mawili: "inavuja nyuma" na "haivuti". Yote mawili yanatibika nyumbani.

Oili ni ya wapi?

Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi, na inanuka moshi na petroli. Oili ya giaboksi, ambayo kiwandani iliitwa Hy-Tran, ina rangi ya asali. Ikiwa nyeupe-nyeupe kama chai ya maziwa, imeingia maji.

Tone jeusi lililo chini ya sehemu ya mbele ya klachi linatoka kwenye sili ya krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) upande wa flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini. Kwenye trekta hizi flaiwili ya Kohler inatazama nyuma, kwa hiyo sili ile ikichoka, oili hurushwa moja kwa moja kuelekea klachi. Hilo ndilo la kuhofia zaidi, kwa sababu linaharibu vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukibadilisha sahani ya klachi bila kuziba sili hiyo, utairudia kazi yote baada ya miezi michache.

Tone la rangi ya asali chini ya kapling, kiungo cha shafti pale inapoingia giaboksi, ni sili ya shafti ya kuingizia. Rimu ikilowa upande wa ndani, ni sili ya ekseli. Tone la chini kabisa kwa nyuma linaweza kuwa gasketi ya kifuniko cha nyuma, au bolti ya kumwagia oili ambayo mtu aliikaza bila kusafisha.

Kama bado huna uhakika, nyunyiza unga mwembamba wa talkam juu ya chuma kikavu, endesha dakika kumi, kisha mulika kwa tochi. Oili itachora mstari kwenye unga, na mwanzo wa mstari ndio mwanzo wa tatizo. Fuata mstari kwenda juu. Usikubali kuhukumu sehemu ya chini kabisa kwa sababu tu ndiyo iliyolowa sana.

Kuna uvujaji mwingine usiohitaji sili. Mtu akijaza oili kupita kiwango, ikipata moto hutafuta njia ya kutoka, nayo hutokea kwenye sili iliyo dhaifu kuliko zote. Giaboksi ya gia huchukua painti 7 za Marekani, yaani kama lita 3.3. Kiwango sahihi ni oili kufika kwenye mdomo wa tundu la kiwango lililo kwenye kifuniko cha nyuma, trekta ikiwa imesimama sawa. Fungua bolti ya kiwango kwanza. Oili ikichuruzika kwa muda mrefu, iache itoke hadi isimame, kisha pima tena uvujaji baada ya siku mbili.

Maji ndani ya giaboksi

Maji hupitia kwenye mpira wa mkono wa gia uliopasuka, hasa trekta ikilala nje. Mvua inatua juu ya mpira, inaingia ufa, inashuka ndani. Hy-Tran ilitengenezwa iweze kubeba maji kidogo bila kutengana, na kwa sababu hiyo mmiliki huchelewa kugundua. Maji yakizidi hutuama chini. Kwenye baridi ya Marekani ya kaskazini huganda, na asubuhi gia zinagoma kuzunguka. Ukisikia zimekwama hivyo, usilazimishe kwa klachi. Ingiza trekta mahali pa joto, subiri barafu iyeyuke, kisha mwaga.

Dawa ni kumwaga oili yote ikiwa na vuguvugu, kuweka oili ya bei nafuu ya aina ile ile, kuendesha polepole dakika kumi na tano kwa gia zote, kisha kuimwaga tena. Rudia hadi itoke bila weupe. Mpira mpya wa mkono wa gia ni wa bei ndogo sana, nao lazima ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Kwa oili mpya, tumia Hy-Tran au oili ya trekta ya kazi zote iliyoandikwa kwenye dumu kwamba inakidhi masharti ya Hy-Tran. Ni kundi lile lile la oili linalowekwa kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) na haidroliki za Massey Ferguson na New Holland, hivyo hata Nairobi au Arusha haikosekani kwenye duka la vipuri vya matrekta. Usiweke oili ya injini kwa kuwa tu ndiyo uliyo nayo.

Sili za ekseli

Ekseli za Cub Cadet zina flanji iliyoshikana na ekseli yenyewe, ile inayofungwa rimu kwa bolti tano. Kwa hiyo sili haiwezi kupitishwa kwa upande wa gurudumu. Lazima ekseli itoke, na ili itoke lazima ufungue kifuniko cha nyuma, kwa sababu ndani ya difu ncha ya ekseli imeshikwa na klipu yenye umbo la C.

Kabla ya kufungua, inua gurudumu moja kwa jeki, weka stendi chini ya ganda la giaboksi, zuia magurudumu ya mbele, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Ekseli ikicheza wazi juu na chini, beringi za rola ndogo ndani ya nyumba ya ekseli zimekwisha. Sili mpya juu ya beringi mbovu haidumu, kwa sababu mdomo wa sili hauwezi kufuata ekseli inayorukaruka. Agiza beringi na sili pamoja.

Kazi inakwenda hivi:

1. Mwaga oili yote kwenye beseni safi. Chovya sumaku uone kuna nini. Unga laini wa chuma kama matope ya kijivu ni wa kawaida kwa trekta ya miaka hamsini. Vipande vyenye kona ni meno ya gia, na hapo lazima uchunguze zaidi kabla ya kuendelea.

2. Toa gurudumu, halafu ondoa chochote kilichofungwa nyuma kinachozuia kifuniko. Legeza bolti za kifuniko kwa kupishana, kisha gonga ukingo kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi katikati ya nyuso mbili. Mkwaruzo mmoja wa kina unatosha kuvujisha hata gasketi mpya.

3. Zungusha gurudumu la upande wa pili hadi uione klipu ya C vizuri. Sukuma ekseli kidogo kuelekea ndani, klipu ilegee, uitoe kwa koleo yenye mdomo mwembamba. Shika kitambaa chini yake, kwa sababu ikidondoka ndani ya difu utaitafuta nusu saa.

4. Vuta ekseli nje ikiwa imenyooka. Ng'oa sili ya zamani kwa ndoana, ukiegemeza kwenye sili yenyewe na si kwenye tundu lake.

5. Futa ekseli, kisha pitisha ukucha mahali mdomo wa sili ulipokuwa. Ukucha ukikwama, pana mfereji.

Hatua ya tano ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kazi itadumu mwaka au miaka kumi. Sili hufanya kazi kwa ukingo mwembamba wa mpira unaogusa chuma laini. Vumbi hukamatwa kwenye ukingo huo, na kwa miaka linakwangua chuma hadi kuacha mfereji mwembamba unaong'aa. Mpira mpya ukikaa juu ya mfereji wa zamani, hauugusi chini yake. Njia rahisi ni kuingiza sili mpya ikiwa imetangulia au imebaki nyuma kwa milimita mbili hivi, kama tundu linaruhusu, ili mdomo uguse chuma ambacho hakijaliwa. Njia bora ni kuvisha mkono mwembamba wa chuma, kama bomba fupi linalobana juu ya ekseli, uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Speedi-Sleeve ya SKF. Pima kipenyo cha ekseli kwa kalipa pembeni mwa mfereji, mahali pasipoliwa, ndipo uagize. Mashimo ya kutu pale beringi inapotembea hayana mkono wa kuyaokoa, na ekseli hiyo ibadilishwe.

Sili mpya huingia upande wenye springi ukitazama ndani, kwenye oili. Jaza grisi kidogo kwenye mdomo, paka oili pembeni, kisha iingize kwa kipande cha bomba au soketi kubwa inayogusa ukingo wa nje tu. Igonge kidogo kidogo kwa kuzunguka, ikae sawa. Kabla ya kurudisha ekseli, viringisha mkanda wa plastiki juu ya meno ya ncha ya ndani, kwa sababu meno hayo hukata mdomo wa sili kama kisu. Toa mkanda ncha ikishapita.

Onyo moja: kama utalegeza nyumba za beringi za difu zenyewe, utakuta shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi, chini yake. Hizo ndizo zinazopanga nafasi ya gia za difu. Kila shimu irudi upande ilikotoka, kwa idadi ile ile. Funga kila rundo kwa waya na kibandiko cha "kushoto" au "kulia". Ukizichanganya, difu italia, kisha italiwa.

Gasketi ya kifuniko unaweza kuikata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi. Nyuso zisafishwe kwa kiwembe na msasa laini uliozungushiwa kipande cha ubao bapa. Silikoni, kama utaitumia, iwe utando tu. Ile inayotoka kama mdudu mnene kwa nje imetoka vivyo hivyo kwa ndani, nayo huanguka ndani ya oili na kusagwa na gia. Kaza bolti kwa msalaba, kwa raundi mbili au tatu.

Sili ya shafti ya kuingizia imekaa kwenye kifuniko cha mbele cha giaboksi, nyuma ya kapling. Huwezi kuifikia bila kutoa shafti kuu, kwa hiyo panga kuibadilisha siku unayofanya klachi, hata kama bado haivuji. Ni sili ya bei ndogo iliyofichwa nyuma ya kazi kubwa.

Klachi: dalili na maana yake

Elewa kwanza inavyofanya kazi. Sahani ya klachi imekaa katikati ya presha pleti mbili, yaani mabamba ya chuma yanayoibana. Sahani ina matundu matatu yanayoingia kwenye pini tatu za kipande kilichofungwa kwenye flaiwili, kwa hiyo inazunguka na injini muda wote. Presha pleti zimefungwa kwa pini kwenye shafti ya nusu na moja ya nane ya inchi, yaani milimita 15.9. Springi kubwa juu ya shafti hubana vyote pamoja. Ukikanyaga, mkono wa kuachia unasukuma rilizi beringi (beringi inayoifanya klachi iachie), nguvu ya springi inaondoka kwenye sahani, na shafti inasimama huku injini ikiendelea. Kuna pia springi ndogo inayotanguliza mbano mwepesi ili trekta isiondoke kwa kuruka.

Trekta ikipanda kilima injini ikapandisha mlio bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Sababu ya kwanza kutazama haihitaji kufungua kitu: nafasi kati ya mkono wa kuachia na rilizi beringi. Inatakiwa iwe inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Kama haipo, beringi inabebeshwa mzigo muda wote, klachi haibani kikamilifu, na beringi yenyewe inaungua. Pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), rekebisha nati ya fimbo ya klachi, jaribu tena. Trekta kadhaa "zenye klachi mbovu" hupona hapo.

Kama nafasi ipo na bado inateleza, sahani imekwisha, au imelowa oili, au springi kubwa imelegea.

Gia zikilia wakati wa kuingiza ingawa umekanyaga hadi mwisho, klachi haiachii. Huenda nafasi imekuwa kubwa mno, huenda beringi imevunjika, au sahani imeganda kwa kutu baada ya kulala miezi. Kuna sababu nyingine isiyotazamwa mara nyingi: ncha ya mbele ya shafti hukaa kwenye bushi, au beringi kwenye baadhi ya modeli, ndani ya kipande cha flaiwili. Bushi ikikauka na kushika, injini inaendelea kuzungusha shafti hata sahani ikiwa huru kabisa. Utabadilisha sahani, na kelele itabaki palepale.

Kugongagonga injini ikiwa taratibu, kama mtu anayepiga mlango wa bati, ni matundu ya pini yaliyopanuka. Hili ndilo gonjwa kuu la shafti hizi, kuliko hata kuisha kwa sahani. Pini inacheza, tundu linakuwa yai, presha pleti inapigapiga, na kila pigo linapanua zaidi.

Kuitoa shafti

Chomoa waya wa plagi na waya hasi wa betri. Kuna njia mbili: kutoa injini kwa mbele, au kulegeza giaboksi na kuiviringisha nyuma kwa magurudumu yake. Ukiwa unafanya na sili za nyuma, njia ya pili inakubaliana zaidi na kazi. Kama injini inavuja kwenye sili ya flaiwili, toa injini, kwa sababu lazima ufike huko hata hivyo.

Piga picha za kila upande, hasa fimbo ya klachi na breki, kwani kanyagio la kushoto linafanya kazi zote mbili. Fungua vifuniko vya katikati ya fremu. Mwagia pini za kapling oili ya kupenya kutu, uziache usiku kucha. Asubuhi tumia panchi iliyo nyembamba kidogo kuliko pini, huku upande wa pili wa shafti umeegemezwa kwa kigogo kigumu. Ukigonga bila kuegemeza, shafti itapinda, nayo shafti iliyopinda hutetemesha kiti chote.

Unapofuta vumbi la klachi, tumia kitambaa kilicholowa. Usipulize kwa upepo. Sahani za miaka hiyo huenda zina asbesto, na vumbi lake halina rafiki kwenye mapafu.

Kuvunja na kukagua

Springi kubwa iko chini ya mbano mkali hata shafti ikiwa mezani. Using'oe pini inayoishika bila kuibana kwanza. Chukua kipande cha bomba kinachopita juu ya shafti, kata dirisha ubavuni kwa grainda, pana kiasi cha kupitisha pini. Simamisha shafti kwenye drili ya kusimama, ncha ya chini kwenye tundu la mbao ngumu, sukuma bomba chini kwa drili iliyozimwa hadi pini ionekane dirishani bila kushikwa na chochote. Sasa itoe kwa panchi, kisha achia mkono wa drili taratibu. Kama huna drili ya namna hiyo, jiliwa ndefu ya seremala hufanya kazi ile ile. Uso na kifua chako visiwe kwenye mstari wa ncha ya shafti.

Panga vipande mezani kwa mpangilio vilivyotoka, vikitazama upande ule ule. Kisha:

Sahani. Nyuso ziwe na unene sawa pande zote, bila nyufa, bila kung'aa kama kioo. Iliyolowa oili haisafishwi kwa petroli ikapona, kwa sababu oili imeshaingia ndani ya nyuso na itatoka tena ikipata moto. Tazama yale matundu matatu: yakiwa yai, sahani ibadilishwe hata kama nyuso bado nene.

Presha pleti. Weka rula ya chuma juu ya uso. Fila geji ya milimita 0.1 ikipita katikati, pleti imepinda kwa moto, nayo ipelekwe kwa mkerezaji ainyooshe. Mwambie aondoe kidogo iwezekanavyo, kwani kila anachoondoa kinapunguza mbano wa springi. Kama pande zote mbili zimekerezwa sana, ringi nyembamba ya washa nyuma ya springi hurudisha mbano uliopotea. Kagua pia mfereji wa pini mgongoni: ukiwa umechimbika ngazi, presha pleti hukwama hapo badala ya kuteleza, na trekta huondoka kwa kuruka.

Pini tatu za flaiwili. Zisiwe na vidato. Kidato hushika sahani, na klachi haiachii vizuri.

Rilizi beringi. Izungushe karibu na sikio. Ikikwaruza, itupwe. Mimi ningeitupa hata isipokwaruza, ukishafika hapa.

Shafti. Ingiza pini mpya kwenye kila tundu kwa mkono. Ikiingia bila kugongwa, tundu limekwisha. Hakuna faida ya kujaza tundu kwa kulehemu na kutoboa upya, kwani joto hupinda shafti na tundu jipya huwa laini upande mmoja. Kata shafti mpya kwa fimbo ya chuma iliyonyooka ya nusu na moja ya nane ya inchi. Ilaze sambamba na ya zamani, zifunge pamoja kwa mkanda, hamisha kila kituo cha tundu kwa kipande cha chuma cha pembe mraba na msumari wa kuchorea. Toboa kwa drili ya kusimama, shafti ikiwa imelala kwenye kitalu chenye mfereji wa V. Anza na biti ndogo ili uhakikishe unapita katikati kabisa. Tundu likikaa pembeni hata nusu milimita, presha pleti itakaa upande na klachi itatetemeka.

Kurudisha

Tumia pini mpya za kusokotwa, zile zilizoviringishwa kama mkeka, si zile zenye mpasuo mmoja. Za kusokotwa hunyumbuka kidogo zikipigwa na hazipanui tundu haraka. Bushi ya mbele iloweke kwenye oili usiku mzima kabla ya kuivisha. Sahani na presha pleti zifutwe kwa spiriti, zishikwe kwa mikono safi. Hakuna grisi karibu nazo, ila utando mwembamba kabisa kwenye shafti mahali presha pleti inapoteleza.

Iangalie sili mpya ya shafti ya kuingizia ikishakaa, vuta giaboksi irudi, ingiza pini za kapling, funga fimbo. Kisha pima tena ile inchi 0.050, kwa sababu sahani mpya ni nene na fimbo iliyopangwa kwa sahani ya zamani haitafaa.

Jaza oili kwa pampu kupitia tundu la kiwango, polepole, hadi ichungulie mdomoni. Zungusha magurudumu kwa mkono, subiri, ongeza.

Washa injini, klachi ikiwa imekanyagwa. Hesabu hadi kumi, ingiza gia ya kwanza. Iingie kimya. Kwa gia ya pili, bila mashine yoyote nyuma, ondoka na usimame mara kumi na tano, ukipumzika kidogo katikati ili sahani ipoe. Nyuso mpya zinahitaji kulaliana kabla ya kupewa mzigo wa plau au theluji.

Baada ya saa ya kwanza ya kazi rudia kipimo cha fila geji, kwani nyuso zikikaa, nafasi hupungua. Kisha rudia baada ya saa kumi. Bolti za kifuniko cha nyuma zishikwe tena siku hiyo, oili ikiwa imepoa, na kadibodi irudishwe chini kwa usiku mmoja.